SHUBIRI HUPOZA, MTI HUKINGA

Mimi ni tabibu msaidizi katika zahanati ya kijiji, karibu na Ziwa Viktoria. Nina umri wa miaka 26. Nilisoma chuo cha afya, nikapata cheti, nikaletwa hapa kijijini. Leo nataka tuzungumze juu ya jua na ngozi. Tutazungumza pia juu ya dawa za mimea ambazo watu wengi hujipaka ili jua lisiwaunguze. Nitatoa maoni yangu bila kuficha. Lakini kwanza nitakiri kosa langu.

KOSA LANGU

Nilikuwa na miezi 3 tu hapa kijijini. Asubuhi moja alikuja bibi mmoja na mjukuu wake wa kike. Mtoto alikuwa na miaka 8. Alikuwa mwenye ualbino. Uso wake ulikuwa mwekundu na umevimba. Midomo ilikuwa imepasuka. Shingoni alikuwa na malengelenge. Jana yake walikuwa ziwani kuanika dagaa tangu asubuhi mpaka alasiri.

Nilimwamkia bibi, kisha nikamwuliza, "Bibi, mbona ulimwacha mtoto juani namna hii?"

Akajibu, "Sikumwacha hivi hivi, mjukuu wangu. Nilimpaka shubiri kabla hatujatoka nyumbani. Nilimpaka uso, shingo na mikono. Hata mama yangu alikuwa akitupaka sisi."

Ndugu msomaji, nilicheka. Nilimwambia kuwa shubiri ni majani tu, hayana kitu. Nilimpa mtoto dawa ya maumivu, nikaandika katika daftari, nikaita mgonjwa mwingine. Bibi alinyamaza. Alikaza kanga yake, akamshika mtoto mkono, akaenda zake.

Hakurudi kwa mwaka mzima. Siku aliporudi, mtoto alikuwa na kidonda juu ya sikio. Kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi. Kilikuwa na gamba gumu, na gamba likibanduka damu ilitoka. Kidonda hicho kilikuwa na miezi 5 bila kupona.

Nikamwuliza, "Bibi, kwa nini hukuja mapema?"

Akaniambia, "Ulinicheka. Nikasema moyoni, huyu hana la kunisaidia. Nikaendelea na shubiri yangu."

Tulimpeleka mtoto hospitali ya rufaa. Kidonda kilikatwa na kupimwa. Ilikuwa ni saratani ya ngozi, lakini ilikuwa bado changa, haijaenda mbali. Leo mtoto huyo yuko darasa la 5. Ana kovu dogo tu. Kama tungechelewa zaidi, labda leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Katika habari hii watu wawili walikosea. Bibi alikosea kwa sababu aliifanya shubiri kuwa mwavuli. Mimi nilikosea kwa sababu niliidharau shubiri, tena nikamdharau mwenye shubiri. Kosa langu ndilo kubwa zaidi. Mimi ndiye niliyesoma.

JUA HUUNGUZAJE NGOZI?

Jua hutoa mwanga ambao tunauona. Hutoa joto ambalo tunalisikia mwilini. Lakini hutoa pia miale ambayo hatuioni wala hatuisikii. Miale hiyo ndiyo inayounguza ngozi. Ndiyo maana mtu anaweza kuungua hata siku ya mawingu, au siku yenye upepo wa baridi ziwani. Joto halipo, lakini miale ipo. Tena mchanga na maji hurudisha sehemu ya miale hiyo juu. Mvuvi mwenye kofia anaweza kuungua kidevu na shingo kwa miale inayotoka chini.

Miale ikiipiga ngozi kwa muda mrefu, ngozi huumia ndani. Mwili hupeleka damu nyingi mahali hapo ili kupatengeneza. Kwa hiyo ngozi huwa nyekundu, huvimba, huwa ya moto na huuma. Mambo haya hayatokei papo hapo. Huanza baada ya saa chache, na huzidi kesho yake. Mtu anaporudi kutoka shambani huona yu mzima. Usiku ndipo anaposhindwa kulala.

Ngozi yetu ina rangi. Rangi hiyo ni kama pazia. Huzuia sehemu ya miale isiingie ndani. Mtu mwenye ualbino amezaliwa na rangi kidogo sana, au hana kabisa. Pazia lake ni jepesi mno. Ualbino si laana, wala hauambukizwi. Mtoto huurithi kutoka kwa baba na mama, wote wawili, hata kama wazazi wenyewe ni weusi. Katika nchi yetu inakadiriwa kuwa katika kila watu 1,400, mtu 1 ana ualbino. Kwa hiyo hawa si wageni. Ni watoto wetu, ndugu zetu na jirani zetu.

Mtu mweusi naye huweza kuumizwa na jua, ingawa si upesi hivyo. Midomo huungua. Kovu jipya huungua. Mtu anayejichubua kwa mkorogo huondoa pazia lake kwa mikono yake mwenyewe. Dawa nyingine za hospitali, kama doksisaiklini, hufanya ngozi iungue kwa urahisi. Ukipewa dawa hiyo, kaa mbali na jua kali.

Jambo moja ulishike sana. Ngozi haisahau. Kila mara inapoungua, deni huandikwa. Nje ngozi hupona, lakini ndani deni hubaki. Madeni yakiwa mengi, ngozi huanza kufanya magamba magumu, yanayokwaruza kama msasa. Mengine hugeuka kuwa saratani. Kwa mtu mwenye ualbino asiyejikinga, jambo hili huweza kutokea akiwa bado kijana.

HOJA YA BIBI

Baada ya mtoto kupona, nilikwenda nyumbani kwa yule bibi kumwomba radhi. Nilimwambia, "Shikamoo bibi. Nimekuja kujifunza." Akaitikia, "Marahaba," akanipa kigoda, tukakaa. Nikamwuliza kwa nini anaiamini shubiri.

Alinionyesha mshubiri ulioota kando ya nyumba. Akasema, "Tazama. Huu unakaa juani mwaka mzima. Kiangazi majani yote yakikauka, wenyewe una maji. Jua haliuwezi. Basi kwa nini nisijipake maji yake?"

Ndugu msomaji, hoja hiyo ina akili. Ni kweli kwamba mimea ina kinga yake dhidi ya jua. Wataalamu wa nchi nyingi wamechunguza shubiri, majani ya chai, manjano, komamanga na mimea mingine mingi. Wameona kuwa baadhi ya vitu vilivyomo hutuliza ngozi iliyovimba, na vingine hunasa sehemu ya miale. Hapa kwetu, mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha kuchunguza dawa za asili huko Muhimbili. Mwaka 1991 kitengo hicho kikawa taasisi. Mwaka 2002 ilitungwa sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Watu hawatungi sheria kwa ajili ya jambo la kuchekwa.

Lakini hoja ya bibi ina matundu matatu. Nilimweleza, nanyi nawaeleza.

Tundu la kwanza ni ganda. Kinga ya jani dhidi ya jua iko zaidi katika ngozi ya jani, yaani ganda la nje. Sisi tunalimenya ganda tunalitupa. Tunajipaka ute wa ndani, ambao wenyewe ulikuwa umefichwa nyuma ya ganda.

Tundu la pili ni kiasi. Ute wa shubiri una maji mengi. Ukijipaka, maji hukauka. Kinachobaki juu ya ngozi ni utando mwembamba sana. Jasho likitoka, nao huondoka.

Tundu la tatu ndilo kubwa. Kutuliza si kuzuia. Chandarua huzuia mbu. Vidonge hutibu malaria. Hakuna mtu anayetandika vidonge kitandani ili mbu wasimwume. Shubiri hufanya kazi ya kutuliza baada ya kuungua. Haifanyi kazi ya chandarua.

Tena kuna hatari nyingine. Mtu asiye na dawa huogopa jua, akatafuta kivuli. Mtu aliyejipaka dawa akiamini kuwa amekingwa, hukaa juani kutwa. Yule mtoto aliungua vibaya kwa sababu hiyo. Bibi hakumpeleka juani kwa uzembe. Alimpeleka kwa sababu ya imani yake. Kinga isiyokinga, lakini inaaminiwa, ni mbaya kuliko kukosa kinga.

Neno hilo ni kwa mafuta pia. Mafuta ya nazi, ya ufuta, ya alizeti na ya mawese hulainisha ngozi kavu. Ni mazuri kujipaka jioni. Lakini hayazuii miale kiasi cha kutosha. Huko pwani wanawake husaga liwa juu ya jiwe, wakajipaka usoni kwa urembo. Liwa nene hufunika ngozi kidogo, lakini jasho huipasua na kuiondoa.

MIMEA YA KUOGOPA

Si kila kitokacho shambani ni salama kwa ngozi. Usijipake maji ya ndimu au limau kisha ukaenda juani. Ndani ya matunda hayo kuna kitu kinachoshirikiana na jua kuunguza ngozi. Utapata malengelenge, kisha mabaka meusi yatakayokaa miezi mingi. Hata ukikamua ndimu nyingi jikoni, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kutoka nje.

Usijipake utomvu mweupe wa mnyaa. Huunguza ngozi, na ukiingia machoni huweza kuleta upofu. Usijipake pia mafuta ya taa wala dawa ya meno mahali palipoungua. Ni kuongeza jeraha juu ya jeraha.

MIMEA MINNE NINAYOIKUBALI

Sasa nitasema maoni yangu. Mimi sipingi mimea. Nasema tuipange kwa kazi zake. Iko mimea minne ya kututetea na jua, na yote iko vijijini kwetu.

Mmea wa kwanza ni mti wa kivuli. Mwembe, mwarobaini na mfenesi ni dawa kubwa ya jua kuliko chochote unachoweza kusaga au kukamua. Kivuli kizito huzuia sehemu kubwa ya miale. Hakikauki, hakitoki kwa jasho, wala hakinunuliwi dukani. Panda mti mmoja kila unapofanyia kazi: uani, shuleni, sokoni, mahali pa kuchambulia dagaa. Panda mvua zinapoanza, na uzungushie miiba mbuzi wasiule.

Mmea wa pili ni ukindu. Suka kofia yenye ukingo mpana kama kiganja chako, kuizunguka kote. Kofia ya namna ile ya vijana, yenye ukingo mbele tu, huacha masikio na shingo wazi. Yule mtoto kidonda chake kilikuwa sikioni. Ukili usukwe kwa kubana. Ukiinua kofia na kuona mwanga unapenya, shonea kitambaa ndani.

Mmea wa tatu ni pamba. Sisi wa kanda ya ziwa tunailima wenyewe. Vaa shati la mikono mirefu, suruali au sketi ndefu. Kipime kitambaa hivi: kiinue mbele ya jua. Ukiona mwanga mwingi unapita, miale nayo itapita. Kitenge kizito ni bora kuliko kanga iliyochakaa. Nguo ikilowa maji hupitisha miale zaidi, basi mvuvi abadilishe shati.

Mmea wa nne ndio shubiri. Huo ni wa jioni, si wa asubuhi. Ni wa kutuliza ngozi ambayo imeungua kidogo, yaani ni nyekundu na ya moto, lakini haijapasuka wala haina malengelenge.

JINSI YA KUTUMIA SHUBIRI

Kwanza mtoe mtu juani. Poza ngozi kwa maji safi ya baridi, au kitambaa kilicholowa, kwa robo saa. Mpe maji ya kunywa kwa wingi. Kisha fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Kata jani kubwa la chini, ulioshe.

2. Lisimamishe jani, mahali ulipokata pakiwa chini, kwa robo saa. Maji ya manjano yatachuruzika. Yaache yaishe. Maji hayo huwasha ngozi, na mtu akiyanywa huharisha vibaya.

3. Menya ganda. Osha ute wa ndani kwa maji yaliyochemshwa yakapoa.

4. Kama hujawahi kuitumia, paka kidogo ndani ya mkono, mahali pazima. Ngoja mpaka kesho. Ukiona vipele au mwasho, shubiri haikufai. Siku hiyo tumia maji ya baridi tu.

5. Kama inakufaa, paka utando mwembamba mara 2 au 3 kwa siku. Ute unaobaki utupe. Usiuweke mpaka kesho, maana huoza na kuota vijidudu.

Usitumbue malengelenge. Usipake shubiri juu ya kidonda kilicho wazi, wala katika jeraha la moto lililoingia ndani. Usiinywe.

SAA ZA JUA KALI

Jua huwa kali zaidi tangu saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Kama huna saa, tazama kivuli chako. Kivuli kikiwa kirefu kuliko wewe, jua si kali sana. Kivuli kikiwa kifupi kuliko wewe, tafuta mti. Mfundishe mtoto kipimo hicho. Hakihitaji betri.

MAFUTA YA KUKINGA JUA

Yapo mafuta maalumu ya kukinga jua. Haya si sawa na mafuta ya kawaida ya kujipaka. Yamepimwa, na kopo lina namba. Namba 30 maana yake ni kuwa katika kila sehemu 30 za miale inayounguza, hupita sehemu 1 tu, kama umejipaka ya kutosha. Hapa nchini kuna mafuta yanayoitwa Kilisun. Yalianza kutengenezwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Mwenye ualbino akiyapata, ajipake nusu saa kabla ya kutoka. Ajipake kwa wingi: usoni, masikioni, shingoni nyuma na mbele, mikononi na juu ya miguu. Arudie kila baada ya saa 2, na kila anapotoka jasho au kuoga. Tena avae kofia na nguo ndefu vilevile. Mafuta ni msaidizi wa nguo, hayachukui nafasi yake. Katika zahanati ninayofanyia kazi mafuta hayo huja mara chache, nayo huisha upesi. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu angojee kopo. Kofia, nguo na kivuli havingojei gari.

NENO KWA KIJIJI CHETU

Watu wengine husema kuwa ngozi ya mtu ni shauri lake mwenyewe. Mimi sikubali. Mtoto wa miaka 8 hapangi saa za kuanika dagaa. Hapangi mahali pa kusimama wakati wa mstari shuleni. Hayo tunayapanga sisi watu wazima. Basi tuyapange vizuri.

Wazazi, mtoto mwenye ualbino ana haki ya kufanya kazi kama wenzake, lakini apewe kazi ya asubuhi na mapema, ya jioni, au ya kivulini. Achambue maharage chini ya mwembe. Asichunge ng'ombe mchana kutwa. Msimfiche ndani pia. Kumficha mtoto si kumkinga. Anahitaji shule na marafiki.

Walimu, mruhusuni avae kofia na mikono mirefu hata kama sare haisemi hivyo. Mweke mbele karibu na ubao, kivulini, mbali na dirisha lenye jua, maana macho yake nayo huumizwa na mwanga. Wakati wa michezo na bustani, tazameni vivuli.

Viongozi wa kijiji, mikutano ifanyike chini ya miti, au baada ya saa 10 jioni. Kila mwaka tarehe 13 Juni ni siku ya kimataifa ya kuelimisha watu juu ya ualbino. Ilianza kuadhimishwa mwaka 2015. Hotuba ni nzuri. Lakini hotuba inayosomwa juani, na wenye ualbino wameketi mbele bila turubai, mimi siielewi.

Waganga wa tiba asili walio wa kweli, nawaomba tushirikiane. Watu huja kwenu kwanza. Mkiona kidonda kisichopona kwa mwenye ualbino, msikifunike kwa majani mwezi baada ya mwezi. Mleteni zahanati. Wale waliowaua na kuwakata viungo watu wenye ualbino katika kanda yetu siwaiti waganga. Hao ni wauaji. Dawa ya asili ni jani, mzizi na gamba la mti. Kiungo cha mtu si dawa, hakijawahi kuwa dawa, wala hakitakuwa.

Nasi wa zahanati, tuache kucheka. Mgonjwa akituambia alichojipaka, tumwulize vizuri na tuandike. Mgonjwa aliyechekwa hataficha dawa yake tu. Ataficha na ugonjwa wake.

NENDA ZAHANATI UPESI

Usingoje ukiona mambo haya baada ya kukaa juani: malengelenge mengi, homa na kutetemeka, kutapika, kuchanganyikiwa, macho kuuma sana, au kama aliyeungua ni mtoto mchanga.

Na hata bila kuungua, nenda ukiona mambo haya: kidonda kisichopona kwa wiki 4, gamba gumu linalotoka damu, uvimbe unaokua, au mahali pa ngozi panapobadilika. Mwenye ualbino akaguliwe ngozi yote, mpaka nyuma ya masikio, mara 2 kwa mwaka, hata kama hasikii maumivu. Saratani ya ngozi ikiwahiwa hukatwa ikaisha. Ikicheleweshwa huua.

MWISHO

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya. Hawakuishia kusoma. Waliinuka wakachimba vyoo. Kusoma kwao kulionekana ardhini. Kusoma kwetu juu ya jua nako kuonekane ardhini. Kuonekane kwa miche.

Yule bibi bado ana mshubiri wake kando ya nyumba. Sikumwambia aung'oe. Huutumia jioni. Mchana husuka kofia za ukindu, na mjukuu wake huzivaa. Msimu uliopita tulipanda miembe 6 mahali wanapochambulia dagaa. Bado ni midogo, haifiki hata kifuani. Bibi alipomaliza kumwagilia alinitazama akasema, "Mimi kivuli chake sitakikalia." Nikamwambia, "Mjukuu wako atakikalia, bibi." Akacheka. Safari hii tulicheka pamoja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kijijini kwetu watu hujipaka nini ili kujikinga na jua? Kipi hutuliza, na kipi huzuia?

2. Nendeni nje sasa mpime vivuli vyenu. Je, jua ni kali?

3. Ni wapi kijijini ambapo watoto hukaa juani mchana? Tunaweza kupanda mti gani hapo, na nani ataumwagilia?

4. Yuko mtu mwenye ualbino katika kitongoji chetu? Ngozi yake ilikaguliwa lini mara ya mwisho? Nani atamsindikiza zahanati?